Kupunguza naitrojeni kwenye kinyesi cha kuku wa mayai kwa kurekebisha chakula

Kuku wa mayai anayekula gramu 115 kwa siku za chakula chenye protini ghafi (naitrojeni yote ikizidishwa kwa 6.25) 18% anameza takriban gramu 3.3 za naitrojeni. Yai la gramu 60 linabeba gramu 1.1 hivi. Kundi likitaga kwa 90%, naitrojeni inayotoka na mayai haifiki hata theluthi moja ya ile iliyoliwa. Kidogo huenda kwenye mwili na manyoya, na zaidi ya gramu 2 huangukia sakafuni kila siku, kwa kila kuku.

Sehemu kubwa ya hiyo inayoanguka ni asidi ya uriki, ule utando mweupe juu ya kinyesi. Kuku akipata protini zaidi ya anavyoweza kuitumia hawezi kuiweka akiba. Ini huivunja na kuigeuza asidi ya uriki, kazi inayokula nishati ambayo ingekwenda kwenye yai. Kinyesi kikipata unyevu na joto, bakteria huigeuza asidi hiyo kuwa amonia. Amonia ikifika sehemu 20 hadi 25 kwa milioni, macho ya kuku huanza kuwasha, na vinyweleo vidogo vinavyosafisha koo na njia ya hewa hudhoofika. Hapo kideri na mafua ya kuku hupata mlango. Wafugaji wengi hupambana na hewa hiyo kwa kumwaga maranda mapya na kufungua mapazia. Hatua hizo zinafaa, ila zinakuja baada ya protini kununuliwa, kuliwa na kupotea. Pa kuanzia ni kwenye mchanganyiko wa chakula.

Kosa liko kwenye kuhesabu protini peke yake

Wengi tumefundishwa kuchanganya chakula kwa mraba wa Pearson: unachukua mahindi yenye 8.5%, mashudu yenye 45%, unatafuta uwiano wa kufikia 17% au 18%, kazi imekwisha. Njia hiyo inahesabu kitu kimoja tu, na kuku hana hitaji la kitu hicho. Anachohitaji ni asidi za amino, yaani vipande vinavyojenga protini, kila moja kwa kiasi chake. Kwa chakula cha mahindi na soya, methionini ndiyo inayopungua kwanza, kisha laisini, kisha threonini. Anayetaka kuzifikisha kwa soya na dagaa tu hulazimika kupandisha protini yote hadi methionini itoshe, na asidi nyingine zote zinazidi. Ziada hiyo ndiyo inayonuka bandani.

Ukiongeza methionini na laisini za dukani, unaweza kushusha protini ghafi kwa pointi mbili (tuseme kutoka 18% hadi 16%) bila kumnyima kuku chochote. Kila pointi moja inayoshuka hupunguza naitrojeni ya kinyesi kwa karibu 8% hadi 10%.

Kwa kuku wa kisasa wa kahawia aliye kwenye kilele cha utagaji, kati ya wiki ya 25 na ya 50 hivi, lenga viwango hivi kwa kuku mmoja kwa siku, vikihesabiwa kwa kile kinachomeng'enywa:

- laisini miligramu 800
- methionini na sistini kwa pamoja miligramu 720, na methionini yenyewe isipungue 400
- threonini miligramu 560
- valini miligramu 700
- isolusini miligramu 620
- triptofani miligramu 170

Viwango hivi ni miligramu kwa siku, si asilimia, na tofauti hiyo ina uzito. Mwongozo wa aina ya kuku ulionao ukitoa namba zake, fuata hizo.

Mchanganyiko wa kilo 100

Chukua kwanza mchanganyiko unaopatikana kwa wafugaji wengi: mahindi kilo 51, pumba ya mahindi 8, mashudu ya soya 20, mashudu ya alizeti 6, dagaa 4, halafu chokaa, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi), chumvi na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Protini yake ni karibu 18%. Sasa linganisha na huu:

- mahindi yaliyobarazwa, kilo 61
- pumba ya mahindi, kilo 4
- mashudu ya soya, kilo 17
- mashudu ya alizeti, kilo 5
- dagaa wa kusaga, kilo 2
- chokaa ya mifugo, kilo 8.7
- DCP, kilo 1.5
- chumvi, gramu 280
- premiksi ya kuku wa mayai, gramu 250 (au kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko wako)
- methionini, gramu 160
- laisini, gramu 80
- threonini, gramu 30

Protini ghafi hapa ni takriban 15.8%, na kalsiamu ni karibu 3.8%. Kuku akila gramu 115, naitrojeni anayoingiza inashuka kwa gramu 0.39 hivi, na ile ya kinyesi inapungua kwa karibu 17%. Kwa kuku 1,000 hizo ni kilo 140 za naitrojeni kwa mwaka, sawa na iliyomo katika mifuko sita ya urea ya kilo 50. Anayeuza mbolea ya kuku asiogope: naitrojeni ya ziada ndiyo inayoyeyuka kuwa amonia na kupotea hewani kabla mbolea haijafika shambani.

Ili uweze kurekebisha mchanganyiko kwa malighafi uliyonayo, lazima ujue hesabu inavyokwenda. Laisini iliyomo ni takriban 0.25% kwenye mahindi, 0.3% kwenye pumba ya mahindi, 2.8% kwenye mashudu ya soya, 0.95% kwenye mashudu ya alizeti na 4.2% kwenye dagaa safi. Zidisha kila moja kwa kilo zake: mahindi gramu 152, pumba 12, soya 476, alizeti 48, dagaa 84. Jumla ni gramu 772. Kinachomeng'enywa ni kama 85% ya hizo, yaani gramu 656. Laisini ya dukani ina laisini halisi 78%, kwa hiyo gramu 80 zinaleta 62. Sasa una gramu 718 ndani ya kilo 100, au miligramu 7.18 kwa kila gramu ya chakula. Kuku akila gramu 115 anapata miligramu 826. Imetosha, na haijazidi sana.

Fanya hivyo hivyo kwa methionini: mahindi 0.18%, pumba 0.17%, soya 0.62%, alizeti 0.58%, dagaa 1.5%, na ile ya dukani 99%. Usishangae ikipita miligramu 400 kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mwili wa kuku hutengeneza sistini kutoka kwenye methionini, na sistini inahitajika sana kwenye manyoya.

Usiteremke chini ya 15% kwa malighafi hizi. Hapo isolusini, valini na triptofani nazo huanza kupungua, na huwezi kuziziba kwa laisini na methionini. Mfugaji anayeshusha hadi 14% kwa sababu alisikia protini ya chini inafaa ataona mayai yanapungua, kisha atalaumu laisini.

Kiasi anachokula kinabadilisha kila kitu

Kabla ya kuchanganya, pima kuku wako wanakula kiasi gani. Pima chakula ulichoweka kwa siku saba, toa kilichobaki, gawanya kwa idadi ya kuku na kwa saba. Banda la Njombe au Limuru mwezi Julai linaweza kutoa gramu 120 au zaidi. Banda la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, gramu 100 au chini yake.

Kuku anayekula gramu 100 za mchanganyiko ule wa juu atapata laisini miligramu 718 tu, na mayai yatakuwa madogo. Kwake badilisha hivi: mahindi kilo 60, pumba kilo 1, soya 20, chokaa 9.6, methionini gramu 210, laisini 100, threonini 50, na vingine vibaki vilevile. Protini itafika karibu 17%, lakini kwa gramu 100 anapata gramu 17 za protini kwa siku, wakati mwenzake wa baridi anapata 18. Asilimia imepanda na naitrojeni iliyoliwa imeshuka. Kwenye joto kuna faida nyingine: kuvunja protini ya ziada huzalisha joto mwilini na kumfanya kuku anywe maji zaidi, kwa hiyo chakula chenye protini ya kupita kiasi kinamwongezea mzigo saa ileile anapohema.

Umri nao una sehemu yake. Baada ya wiki ya 55 hadi 60, utagaji ukishuka chini ya 80%, laisini ya miligramu 720 hadi 750 inatosha, na uwiano wa nyingine ushuke vivyo hivyo. Kuwaachia kuku wa wiki ya 70 chakula cha kilele ni upotevu mtupu, tena methionini nyingi huwafanya watage mayai makubwa mno yenye ganda jembamba.

Malighafi zinazoharibu hesabu

Soya ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote. Soya mbichi, au iliyokaangwa nusu, ina vizuizi vinavyofunga vimeng'enya vya protini kwenye utumbo. Unaweza kuandika 45% kwenye daftari, na sehemu nzuri ya protini hiyo ipite moja kwa moja hadi kwenye kinyesi. Ukiikausha sana hadi ikawa kahawia iliyoiva na kunuka kuungua, laisini hushikana na sukari na haimeng'enyeki tena. Zote mbili zinaongeza naitrojeni kwenye kinyesi, na zote mbili hazionekani kwenye kipimo cha protini ghafi. Tafuna punje chache: ladha ya maharage mabichi maana yake haijaiva. Mashudu mazuri yana rangi ya dhahabu na harufu ya karanga. Ukichukua mzigo mkubwa, peleka sampuli maabara na uombe kipimo cha yurease, kinachoonyesha kama joto lilitosha. Mabadiliko ya pH kati ya 0.05 na 0.2 ni mazuri. Sifuri kabisa inaashiria kuwa pengine imeunguzwa. Ukichemsha soya nzima mwenyewe, dakika 30 tangu maji yachemke zinatosha, kisha anika hadi ikauke kabisa. Kumbuka kwamba soya nzima ina mafuta yake na protini ya 36% hadi 38% tu, hivyo usiiweke kilo kwa kilo mahali pa mashudu.

Dagaa wa sokoni huja na mchanga. Tia vijiko viwili vya dagaa wa kusaga kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika tano. Mchanga hutua chini kabisa, na kama ni sehemu inayoonekana wazi, mzigo huo hauna protini ya 55% uliyolipia. Dagaa wenye chumvi nyingi wanaongeza unyevu wa kinyesi, jambo linaloharakisha amonia. Kwa hiyo ukiwatumia, punguza chumvi ya kawaida. Jihadhari pia na unga wa samaki wenye protini ya kutia shaka kwa bei ndogo: maabara hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, hivyo mtu akichanganya urea kipimo kinapanda. Kuku hana matumizi ya urea hiyo, naitrojeni yake inaishia kwenye kinyesi.

Protini ya mashudu ya alizeti hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda kulingana na maganda yaliyobaki, kuanzia 20% hadi juu ya 30%. Pima. Mashudu ya pamba yaepuke kwa kuku wa mayai, maana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, hubadilisha rangi ya kiini. Mahindi yenye ukungu huharibu ini na utumbo. Yanunue yakiwa na unyevu usiozidi 13%.

Tanzania unaweza kupeleka sampuli TVLA (wakala wa maabara za veterinari) au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, na Kenya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo). Chukua kidogo kutoka mifuko tofauti, changanya, kisha toa nusu kilo. Sampuli ya mfuko mmoja haisemi kitu kuhusu mzigo mzima.

Kuchanganya na kulisha

Gramu 80 za laisini ndani ya kilo 100 haziwezi kusambaa kwa kuzimwaga juu ya lundo. Changanya methionini, laisini, threonini, premiksi na chumvi na kilo 2 za mahindi ya kusaga kwenye beseni. Hiyo itie kwenye kilo 10 za mahindi, geuza vizuri. Ndipo umimine kwenye lundo kubwa. Kwa koleo, geuza lundo zima kutoka upande mmoja hadi mwingine mara sita. Kwa mashine ya pipa, dakika 10 hadi 15. Chokaa iingie katikati ya kazi. Tumia mizani ya gramu, siyo kijiko wala kopo la nyanya.

Mahindi yabarazwe kwa chujio la milimita 5 au 6, na punje zifanane. Kuku huchagua vipande vikubwa na kuacha vumbi, na ndani ya vumbi hilo ndimo zilimo methionini, laisini na vitamini ulizolipia. Wale wenye nguvu hula mahindi asubuhi, wanyonge hubaki na vumbi. Nusu kilo hadi kilo moja ya mafuta ya alizeti kwa kilo 100 huishika vumbi. Acha vyombo viishe mara moja kwa siku, saa sita au saa saba mchana, ili walambe kilichobaki. Jaza theluthi moja tu ya kina cha chombo, na ukingo wake uwe sawa na mgongo wa kuku. Chakula kinachomwagika juu ya maranda ni naitrojeni iliyokwenda kwenye mbolea bila hata kupita kwa kuku, na hakuna hesabu ya asidi za amino inayoweza kukiokoa.

Nyuzinyuzi nazo husaidia kwa njia nyingine. Kwenye utumbo wa nyuma hulisha bakteria, ambao hutumia naitrojeni kujenga miili yao, na asidi hutokea na kushusha pH ya kinyesi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba kuweka takriban 7% ya pumba laini za ngano, au 10% ya masalia ya mahindi ya viwanda vya ethanoli, kulipunguza amonia iliyotoka kwenye kinyesi kwa karibu nusu. Ukiwa na pumba za ngano nzuri, ziweke kilo 5 hadi 7 mahali pa pumba ya mahindi na kilo moja hadi tatu za mahindi. Zikizidi, nishati inashuka na kuku hula zaidi, ukarudi ulikotoka.

Kubadilisha na kuangalia

Usibadilishe siku moja. Shusha pointi moja ya protini, kaa wiki mbili, kisha shusha nyingine. Katika muda huo pima vitu vitatu: chakula kwa kuku kila siku, uzito wa trei tatu za mayai mara mbili kwa wiki saa ileile, na uzito wa kuku walewale 30 waliotiwa alama, kila wiki mbili.

Uzito wa yai ndio unaoanza kusema. Yai likipungua gramu moja hadi mbili na idadi haijabadilika, methionini ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ongeza gramu 20 hadi 30 kwa kilo 100 na usubiri siku kumi. Idadi ikishuka pamoja na uzito wa kuku, ni laisini, au wanakula kidogo kuliko ulivyohesabu. Rudia kupima ulaji kabla ya kugusa mchanganyiko. Kuku wakianza kudonoana na kung'oana manyoya, angalia methionini na chumvi kwa pamoja, kwa kuwa upungufu wa chumvi huleta tabia hiyohiyo. Kuku wakinenepa na mayai yakipungua, mahindi yamezidi: rudisha pumba kilo 2 mahali pake.

Kwa hewa ya banda, ingia alfajiri kabla ya kufungua mapazia na uchuchumae hadi kimo cha kichwa cha kuku. Harufu anayoisikia mtu aliyesimama si ile anayoivuta kuku. Pua huzoea, kwa hiyo aingie mtu ambaye halali karibu na banda. Karatasi ya pH iliyoloweshwa maji safi na kuachwa sekunde chache kimo hicho hicho itaonyesha mabadiliko ya rangi ambayo unaweza kuyalinganisha wiki hadi wiki.

Ukitaka namba kamili, weka nailoni chini ya kuku kwa saa 24 kabla ya kubadilisha chakula, na tena wiki tatu baada ya kumaliza. Ondoa manyoya na chakula kilichomwagika, pima uzito wote, koroga, jaza chupa ya gramu 200 na uigandishe siku hiyohiyo, maana ukiiacha nje hadi kesho amonia itakuwa imeondoka na maabara itakupa jibu la chini kuliko ukweli. Omba naitrojeni yote pamoja na unyevu, kisha zidisha kwa uzito wa kinyesi na ugawanye kwa idadi ya kuku waliokuwa juu ya nailoni.